Wifi Vidole na Sakafu Iliyokataa Kuja

Niseme ukweli wangu mapema: wifi yangu sikumpenda. Kaka yangu alipomleta nyumbani kututambulisha, mimi nilimtazama mikono, nikasema moyoni, mikono hii haijawahi kufua blanketi. Vidole virefu, vyembamba, na havitulii hata kidogo. Tunakula, anagonga meza. Tunaongea, anagonga goti. Mama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, unasikia baridi?" Akacheka, akavificha vidole chini ya mapaja, na kufumba na kufumbua vilikuwa vimetoka tena.

Mimi ndiye niliyempa jina la Vidole. Nilikusudia kumchoma. Yeye akalipokea kama vile nimempa kanga mpya, na leo hata mumewe anamwita hivyo.

Kisha kaka akaumia mgongo kazini, akawa mtu wa kulala na kugeuzwa, na nyumba ikawa inamtazama mkewe. Basi mimi na roho yangu nyepesi nikamwombea kazi nilikokuwa mwenyewe: kubeba sahani katika ukumbi wa chakula wa meli ya watalii. Miezi minane majini, miezi miwili nyumbani. Nikamwambia wazi, "Ukiniaibisha mbele ya watu, nakushusha kwa mkono wangu."

"Sawa, wifi," akajibu.

Hiyo "sawa, wifi" yake nimeisikia miaka saba, na sikumbuki hata siku moja ilipokuwa na maana kwamba amekubali.

Tukapangiwa chumba kimoja, chini kabisa, hakina dirisha. Chumba chenyewe kidogo mno, mmoja akitaka kuvaa suruali lazima mwenzake apande kitandani. Mimi nikachukua kitanda cha chini, yeye cha juu. Wiki ya kwanza tu, kabla hata kengele ya kazi haijalia, nikasikia juu ya kichwa changu tak, tak, tak-tak, kwenye ubao.

"We! Una nini huko juu?"

"Nafanya mazoezi, wifi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya piano."

"Piano ipi, mwenzangu?"

"Ile ya ukumbini."

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye ubao huohuo. Nikamwambia piano ile ina mwenyewe, na yeye mwenyewe ana sinia. Akajigeuza kitandani. Halafu tak, tak, tak-tak.

Sasa nieleze ukumbi wetu, kwa sababu watu wa nchi kavu hawauelewi. Una meza sitini na mbili, watu mia tatu kwa mlo mmoja. Karibu na mlango wa jikoni kuna jukwaa fupi, na juu yake piano nyeusi iliyofungwa sakafuni kwa minyororo minne, pamoja na besi na ngoma. Mgeni akiingia, akaona vitambaa vyeupe na glasi zinametameta, akasikia piano, hudhani muziki umewekwa kwa ajili yake. Nusu ni yake. Nusu nyingine ni yetu sisi wabeba sahani.

Sisi tunatembea kwa muziki. Mlango wa jikoni ni wa kusukuma, wengine wanatoka, wengine wanaingia, mikono imejaa, na hatugongani kwa sababu kila mtu anatoka kwenye pigo la kwanza la ngoma. Supu ina nyimbo zake za polepole. Nyama ina nyimbo za mwendo. Ukifika wakati wa kuondoa vyombo, mpiga piano anaongeza kasi kidogo tu, na mgeni bila kujua anatafuna haraka, anafuta mdomo, anainuka, nasi tunapanga meza kwa kundi la pili. Nani atamwambia mgeni, "Maliza uende"? Thubutu! Piano ndiyo inayomwambia, tena kwa adabu, na yeye anaondoka akishukuru.

Halafu kuna bahari yenyewe. Meli inalala huku, inainuka, inalala kule. Mtu mwenye sinia hujifunza kwa mwili, si kwa kichwa: sakafu ikipanda, ngoja, ikishuka, nenda. Ukishajifunza huwezi kuacha. Nikiwa likizo nyumbani natembea miguu imepanuka kama bata, na nikimimina chai Mama anashika kikombe kwa hofu. "Mbona unamimina ukiwa umelala upande?" Namwambia, Mama, mimi nimesimama wima, nyumba yako ndiyo imepinda.

Piano ilikuwa ya Mzee Kofia, aliyekula chumvi nyingi na hakuvua kofia hata akiwa anaoga, hivyo ndivyo tulivyoamini. Sheria ya meli ilikuwa kali: mhudumu wa chakula haruhusiwi kugusa piano. Ukikamatwa mara ya kwanza, onyo la maandishi. Mara ya pili, unashushwa bandari inayofuata na sanduku lako. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mkuu wa ukumbi, mtu mrefu, kola ngumu, aliyependa karatasi kuliko ndugu zake.

Lakini saa tisa mchana, baina ya mlo na mlo, sisi tukikunja vitambaa vya mikono, Mzee Kofia alikuwa na kawaida ya "kukagua nyuzi." Na Vidole, ambaye alikunja vitambaa kwa kasi ya ajabu ili amalize wa kwanza, alikuwa na kawaida ya "kumfutia vumbi." Wakaweka blanketi ndani ya piano ili sauti isifike mbali. Akafuta vumbi hilo miaka saba.

Mwaka wa pili nilikuwa nimeinama napanga uma, nikasikia wimbo wa polepole, wa supu, nikasema moyoni, mzee leo ana raha. Nikageuka. Mzee Kofia alikuwa amekaa dirishani anakunywa chai. Aliyekuwa anapiga ni wifi yangu, amefumba macho, na meli ikilala kushoto naye analala nayo, ikirudi anarudi.

Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika. Wivu, ndiyo, uiteni kwa jina lake. Nilikuwa na miaka tisa ya kubeba sahani wakati huo, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama mikono isipokuwa kuangalia kama nimenawa. Mwaka uliofuata Mkuu alipomkamata na kumpa onyo la maandishi, nilimwambia, "Si nilikuambia?" Na ndani nikasikia raha kidogo. Mungu anisamehe.

Onyo akalisoma, akalikunja, akaliweka chini ya godoro. Kesho yake saa tisa alikuwa anafuta vumbi.

Basi viungo vya Mzee Kofia vikavimba, akaamua kustaafu. Tangazo likabandikwa: nafasi ya mpiga piano, iko wazi kwa yeyote, wafanyakazi wa meli wakiwemo. Majaribio yatafanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kampuni, nchi kavu, siku meli itakapotia nanga. Vidole akajiandikisha wa kwanza. Nikampigia simu kaka yangu. "Mzuie mkeo, anakwenda kujiaibisha, na mimi ndiye niliyemleta."

Kaka akacheka. "Dada, wewe umelala naye chumba kimoja miaka saba umeshindwa. Mimi nimelala kitandani huku nitamzuia na nini, na mto?"

Nikaenda naye. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, sakafu ya vigae, viti vya plastiki, piano ya kahawia kando ya ukuta. Wasikilizaji walikuwa watatu: mama mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye mkubwa wa muziki wa meli zote za kampuni, na wanaume wawili wenye kalamu. Wakaingia wapigaji wanne kabla ya Vidole, watu wa vyuo, wana vitabu vya muziki mikononi. Yeye alikuwa na viatu vyake vya kazi.

Akaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri, nikaketi vizuri. Kisha nikaona kitu kinaharibika na sikujua ni nini. Mwili wake ukaegemea kushoto, ukangoja. Mkono wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukabaki nyuma, ukaja umechelewa kama mtu aliyekosa gari. Akajaribu kuurekebisha. Akaegemea kulia, akangoja tena. Wimbo ukawa unachechemea. Mmoja wa wenye kalamu akamtazama mwenzake. Hawakumwachia amalize.

"Una vidole vizuri," akasema mama mwenye miwani, na hakusema kwa ubaya. "Lakini huna mwendo. Mkono wa kushoto umelala. Ukumbi wa chakula hauwezi kwenda bila mwendo."

Tukashuka ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake, nilikuwa navyo tayari mdomoni. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama, akautazama mkono wake wa kushoto.

"Sakafu haikuja, wifi," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa naingoja sakafu ije. Sijawahi kupiga piano mahali ambapo sakafu haiji. Naegemea, nangoja ije inibebe, haiji. Nikaanguka kila mara."

Nikaelewa palepale, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesimama pale miguu imepanuka. Vidonge vyangu nikavimeza mwenyewe. Nilimwonea huruma, ila nikamwambia tu, "Funga kamba ya kiatu, utajikwaa."

Nafasi akapewa mmoja wa wale wa vyuo. Tukamwita Profesa. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu mzuri, mpole, anapiga vitu vigumu bila kutazama. Bahari ikitulia, tulitembea vizuri. Ikichafuka kidogo, mpiga besi alikuwa anamkonyeza mpiga ngoma, wanamvuta Profesa kama mtu anayevuka barabara na kipofu.

Vidole hakulia, hakununa. Jumatatu moja alimfuata Mkuu wa ukumbi na kumwomba asikilizwe baharini, meli ikiwa inatembea. Mkuu akamwambia bado. Jumatatu iliyofuata akaenda tena. Bado. Jumatatu ya tano Mkuu akasema, "Mama, unanichosha." Akajibu, "Pole, bwana. Nitakuja Jumatatu." Akaenda Jumatatu kumi na moja. Wahudumu wakaanza kutaniana: ukitaka kujua siku za wiki, usitazame kalenda, mtazame Vidole anaelekea wapi. Na kila alfajiri, tak, tak, tak-tak, juu ya kichwa changu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mlo wa mchana. Tulikuwa tunakatiza maji makubwa, hakuna nchi kavu upande wowote, na tangu asubuhi meli ilikuwa inalala mpaka maji yanapanda kwenye vioo vya ukumbi, kisha inainuka unaona mawingu matupu. Tukafanya yale yanayofanywa siku kama hiyo. Vitambaa vya meza tukavimwagia maji ili sahani zisiteleze. Supu nusu bakuli. Maua tukayaondoa. Mapazia tukayaacha wazi, kwa sababu mgeni asiyeona bahari tumbo lake huchafuka haraka zaidi.

Na agizo kubwa kuliko yote: mgeni asisimame. Mgeni aliyekaa haanguki. Safari moja nyuma mama mtu mzima alisimama kwenda chumbani akavunjika mkono mbele ya macho yangu, na bado naukumbuka ule mlio. Siku ya mawimbi, muziki ndio unaowaweka watu vitini. Ukiwepo, wanaona mambo ni ya kawaida. Ukikatika, kila mtu anatazama mlango.

Profesa alianza vizuri. Wimbo wa pili uso wake ukawa kama unga wa mchele. Meli ikilala upande wa sauti nyembamba za piano, mkono wake unakimbia mteremko, ikirudi, anakwama. Sisi tulikuwa tunatoka jikoni na pigo la kwanza, na pigo la kwanza halijulikani liko wapi. Mwenzangu akatoka mapema, mwingine akaingia kachelewa, wakakutana mlangoni na masinia mawili ya nyama. Loo! Sahani zilivunjika kwa kishindo kilichonyamazisha ukumbi mzima. Profesa akaziba mdomo, akashuka jukwaani akipepesuka, akakimbilia kwenye ndoo ya barafu. Hatukumlaumu. Tulitazama pembeni.

Kimya. Watu mia tatu wakasikia bahari kwa mara ya kwanza. Bwana mmoja akainuka, akashika kiti. Mkewe akainuka. Meza ya dirishani wakainuka wote watano.

Mkuu wa ukumbi akapaza sauti, "Tafadhali, mabibi na mabwana, kaeni!" Nani anakaa kwa sababu ya sauti yenye hofu? Wakainuka wengine.

Nikamtazama Vidole. Alikuwa amesimama katikati ya meza zake, sinia lina bakuli nane, anatazama piano. Nilijua hesabu anayoipiga. Onyo la kwanza lilikuwa chini ya godoro. La pili lilimaanisha sanduku, na kaka yangu kitandani, na hakuna atakayemwandika kazi tena kwenye meli yoyote ya kampuni ile. Na bakuli nane mkononi, huwezi kuziacha chini siku ya mawimbi, zitakwenda zenyewe.

Nikatembea mpaka kwake, ikipanda nikangoja, ikishuka nikaenda. Nilikuwa na sinia langu mkono wa kushoto. Nikampokonya la kwake kwa mkono wa kulia.

"Meza zako ninazo," nikamwambia. "Nenda."

"Wifi, watanishusha."

"Watatushusha wote. Nenda, bakuli zinaniunguza!"

Akaenda na aproni yake. Akakaa. Mkuu akafungua mdomo, na kabla hajapata neno, Vidole alikuwa amelala na meli upande wa kushoto, akangoja, akangoja, na meli ilipoanza kurudi akaachia mikono yote miwili pamoja. Ulikuwa wimbo wa supu, ule wa Mzee Kofia. Mpiga besi akacheka kwa sauti, akaingia. Ngoma ikaingia.

Sijui muziki, lakini najua sakafu. Safari hii muziki na sakafu vilikuwa kitu kimoja. Meli ilipopanda, wimbo ulivuta pumzi. Iliposhuka, ulishuka nayo. Yule bwana aliyesimama akajikuta anaketi kwa sababu wimbo uliketi. Msichana mdogo wa meza ya saba akaanza kuegemea huku na huku akicheka, mama yake naye, mara meza nzima inayumba pamoja kama wako kwenye bembea. Mimi nilitoka jikoni na pigo la kwanza nikiwa na masinia mawili, sikumwaga tone, na nilijisikia kuimba, mimi, ambaye hata kanisani naombwa nipunguze sauti. Ukumbi mzima ukala. Saa nzima akapiga, supu, nyama, matunda, hakugeuza kichwa hata mara moja.

Mpishi mkuu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, kwa sababu siku ya mawimbi sahani za nusu ya ukumbi hurudi zimejaa, na jikoni huzihesabu kila mlo kwa ajili ya ofisi. Siku ile zilirudi kumi na tisa.

Jioni Mkuu akatuita wote wawili. Hakutukemea. Alikuwa na karatasi mbele yake, kalamu imekauka mkononi. "Mimi naandika kilichotokea," akasema. "Mhudumu amegusa piano, nimeandika. Mwenzake ameondoa sinia bila ruhusa, nimeandika. Sahani zilizorudi, kumi na tisa. Wageni walioanguka, hakuna. Hayo nayo nimeandika." Akaikunja karatasi. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kupenda karatasi nako kunaweza kuwa uungwana.

Jibu la ofisi likaja siku ya nne. Profesa alikuwa ameshaomba mwenyewe kurudi kufundisha kwenye jengo lisilotembea. Wifi asikilizwe tena, lakini kanuni ni kanuni: palepale ofisini, ghorofa ya tatu, meli ikitia nanga. Akifaulu, piano ni yake. Asipofaulu, onyo la pili linasimama, na hapandi tena.

Wiki tatu zilizobaki hazikuwa na utani. Akajaribu kujifunza kutongoja. Alfajiri nilisikia tak, tak, kisha kimya, kisha anaanza upya, kwa sababu kitanda nacho kilikuwa kinayumba na hakuna mahali melini pa kujifunzia kutulia. Usiku wa kuamkia siku hiyo akaniambia kutoka juu, "Wifi, siogopi watu. Naiogopa ile sakafu."

"Lala," nikamwambia.

Ghorofa ya tatu, vigae vilevile, piano ileile ya kahawia, wasikilizaji walewale watatu. Mimi nikakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, roho juu. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na sinia la kahawa waliloandaliwa, vikombe sita vimejaa hadi ukingoni, bado vinatoa moshi.

Akaanza. Mistari miwili, sawa. Wa tatu akaegemea kushoto, akangoja. Nikaujua ule mngojo. Mkono wa kulia ukatangulia. Kalamu ya mmoja ikaanza kuandika.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nikainuka, nikachukua lile sinia la kahawa, nikaliweka begani, nikaanza kutembea mbele ya piano, kutoka ukuta hadi ukuta, kama niko kwenye maji makubwa. Ikipanda, nangoja. Ikishuka, naenda. Sakafu ya ofisi imetulia tuli, na mimi nayumba juu yake kama nimekunywa.

"Dada!" akasema mwenye kalamu. "Unafanya nini? Kaa chini!"

"Nafanya kazi," nikamjibu, sikusimama. "Mnatafuta mpigaji wa ukumbi wa chakula, sivyo? Mmeona wapi ukumbi wa chakula usio na mtu anayebeba vyombo? Mnampima mwenzenu nusu!"

Akataka kuinuka. Mama mwenye miwani akamshika mkono bila kuniondolea macho.

Vidole alikuwa ameniona kwa pembe ya jicho. Nikalala kushoto, akalala. Nikangoja, akangoja. Nikashuka, na mkono wake wa kushoto ukashuka nami, mzima, mzito, mahali pake. Toka hapo haukuchelewa tena. Akapiga wimbo wa supu, akapiga wa nyama, akapiga ule wa kuwaondoa wageni, na mwenye kalamu akajikuta amefuta mdomo wakati hajala kitu. Miguu iliniuma, bega liliwaka, jasho likaniingia machoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kubeba masinia, na sijawahi kubeba zito kama lile.

Alipomaliza hapakuwa na makofi. Mama mwenye miwani akainuka, akaja moja kwa moja kwangu, akachungulia kwenye sinia. Vikombe sita, vimejaa hadi ukingoni, visahani vikavu.

"Meli inaondoka lini?" akauliza.

"Alhamisi," nikasema.

Akamgeukia Vidole. "Basi Alhamisi, saa ya mlo wa mchana. Na hiyo aproni uirudishe stoo."

Tulishuka ngazi tumeshikana mikono kama wasichana. Kwenye ngazi ya mwisho, palepale aliposimama mara ya kwanza, akasimama tena, akaniegemea kwenye bega lile linaloniuma, akalia kilio chote ambacho hakulia miaka saba. Nami nililia, sina haja ya kuficha. Nikamwambia nililomficha tangu mwaka wa pili, kwamba nilimsikia, na nilimwonea wivu, na kwamba anapiga vizuri mno. Akajifuta macho kwa vile vidole vyake.

"Imekuja, wifi," akasema. "Sakafu imekuja."

"Imekuja," nikamwambia, "tena imebeba vikombe sita."